Ubingwa wa Kodivaa haukuwa bahati

Mwandishi, makala yako imetukumbusha vizuri AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Kodivaa, ila uliposema wenyeji walibebwa na bahati sikubaliani nawe hata kidogo. Ndiyo, walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakavuka makundi kama mmoja wa washindi wa tatu bora kwa sababu Morocco iliifunga Zambia. Hapo bahati ilikuwepo. Lakini baada ya hapo?

Kocha Gasset aliondoka katikati ya mashindano, msaidizi wake Emerse Faé akakabidhiwa timu. Wakamtoa bingwa mtetezi Senegal kwa penalti. Mali wakawa wanaongoza 1-0 na Kodivaa wako kumi uwanjani, Adingra akasawazisha dakika ya 90, Diakité akafunga la pili dakika 30 za nyongeza zikiisha. Hiyo ni roho, ndugu yangu.

Na fainali ya tarehe 11 Februari 2024! Nigeria walitangulia kwa kichwa cha Troost-Ekong, Kessié akarudisha. Dakika ya 81 Adingra anamimina krosi kutoka kushoto, mshambuliaji Haller anachomoa mguu mbele ya beki, anaugusa tu mpira, nyavuni. Mtu aliyegundulika na saratani ya korodani Julai 2022! Nililia, nasema kweli.

Sisi Watanzania tulirudi na pointi mbili. Lile bao la kusawazisha la Daka wa Zambia dakika ya 88, wenzake wakiwa kumi, baada ya Msuva wetu kutupa uongozi mapema, mpaka leo linaniuma.