Anaposema hapendi fizikia

Msichana wa miaka 14 akisema hapendi fizikia, wengi wetu huishia hapo. Kachagua mwenyewe, tunasema. Mimi siku hizi jibu hilo silikubali upesi, kwa sababu naamini mara nyingi uamuzi ulishapita zamani, na yeye hakuulizwa.

Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Lin Bian na wenzake. Watoto walisimuliwa habari za mtu mwenye akili nyingi mno, bila kutajiwa jinsia yake, kisha wakaoneshwa picha wamtambue. Wa miaka 5, wasichana kwa wavulana, walielekea kuchagua mtu wa jinsia yao. Kufika miaka 6 na 7, wasichana walikuwa wameanza kupungukiwa na imani kwamba mwenye akili hizo ni wa jinsia yao. Kilichonichoma zaidi ni kwamba wasichana haohao walijua kuwa wasichana hupata alama nzuri darasani. Na walipoelezwa mchezo wa watoto "wenye akili sana", hamu yao ilikuwa ndogo kuliko ya wavulana. Kwa mchezo wa watoto "wenye bidii sana" hapakuwa na tofauti.

Bidii! Sikiliza madaftari yanaporudishwa. Msichana akifaulu, "huyu anajituma." Mvulana akifaulu, "huyu ana kichwa." Mvulana akifeli, ni mvivu tu, akitulia ataweza, msichana akifeli, basi somo limemshinda. Hapo hakuna aliyetukanwa, na pengine mwalimu anawapenda wote. Lakini mtoto akiyasikia hayo mwaka baada ya mwaka, anayabeba hadi siku ya kuchagua masomo. Mwanasosholojia Shelley Correll alionesha mwaka 2001 kwamba wanafunzi wa Marekani wenye alama sawa za hisabati hawajipimi sawa: wavulana hujiona wanaweza zaidi, na kujiona huko kunaingia katika uchaguzi wao.

Wavulana nao wana mzigo wao. Anayetaka kuwa muuguzi au mwalimu wa chekechea huulizwa kwa nini asiwe daktari, kana kwamba kulea ni kushushwa cheo.

Kinachonipa matumaini ni West Bengal, India, ambako baadhi ya vijiji vilitengewa wanawake kiti cha uongozi. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwamba pale kiti kilipotengwa kwa awamu 2 za uchaguzi, pengo la matarajio ya maisha, kama elimu na kazi, kati ya vijana wa kike na wa kiume lilipungua kwa karibu theluthi. Awamu 2, si moja.

Ndiyo maana siku ya taaluma inayoandaliwa mwaka wa mwisho, fomu zikiwa karibu kujazwa, naiona imechelewa mno. Mhandisi mwanamke aalikwe darasa la kwanza, na muuguzi mwanamume naye aje. Wakae na watoto kipindi kizima, wajibu maswali yote, kisha warudi tena muhula unaofuata.