Maji ya Nakuru Yanachemka Bure

Nimegombana na wengi hapa Nakuru: makanga, mwenye nyumba, hata mbuzi wa jirani. Na maji, bado sikuwa nimefika huko.

Jumapili shangazi alikuja kutoka Kisumu. Nikasema nimpikie githeri kwa mkono wangu, ajue kaka yake alizaa mtu. Saa nne asubuhi sufuria ikakaa jikoni. Saa nane maji yanatokota, kifuniko kinarukaruka kama mgombea aliyepita mchujo, lakini mahindi bado yanagonga meno. Nikaongeza makaa. Nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi.

Shangazi akafunua, akachungulia, akafunika. "Haya maji yenu yana kelele tu. Moto hayana."

Shangazi hapingwi, najua, ila sufuria ni yangu. Nikamwambia maji ni maji. Yakichemka yamechemka, yawe ya Ziwa Victoria au ya bomba langu.

Hapo kijana wangu wa gredi ya nane, ambaye ukimuuliza kiberiti kiko wapi hajui, akainua kichwa. "Nyanya anasema kweli. Hapa tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa haiyakandamizi maji sana, yanachemka yakifika kama digrii 94. Kisumu ni 96 hivi. Mombasa ndiyo 100."

Digrii mbili! Nimeaibishwa nyumbani kwangu kwa digrii mbili!

"Na makaa niliyoongeza je?"

"Hayo yametengeneza mvuke, baba. Maji yakishachemka, hata uyawekee tanuri, hayazidi moto."

Yaani mkebe mzima wa makaa nimeipikia dari! Nikatazama juu. Mabati yamelowa, tone limening'inia kwenye msumari, linajaza tumbo polepole. Mvuke wangu huo, nimeulipia, umerudi kuwa maji bila ruhusa. Likaniangukia shingoni. Baridi!

Shangazi akaitisha magadi ya kulainisha. Sina. Naishi mji wenye ziwa zima la magadi, na nyumbani sina hata kijiko.

Saa kumi tukala mkate. Jioni shangazi akayachuja yale mahindi na maharagwe yake, akayafunga kwenye mfuko: atayaivisha kwake, anirudishie kwa matatu. Nimeshauliza stejini. Kondakta amesema sufuria yenye mchuzi inalipa kiti.