Tangi tano mezani, au angani mapema?

Injini ya petroli ya sisi (cc, yaani sentimita za ujazo) 20 hadi 60 ikitoka kwenye boksi, warushaji wa ndege za modeli hugawanyika palepale juu ya namna ya kuizoesha. Kuna wanaoifunga mezani na kuiungurumisha taratibu tangi tano au sita za mafuta, mchanganyiko ukiwa mzito (petroli nyingi, hewa kidogo), ndipo waione inafaa kuwekwa kwenye ndege. Wengine huipa tangi moja au mbili chini, kisha huirusha. Hawa wa pili huitwa wazembe. Ukiifungua injini na kutazama ringi ya pistoni inavyofanya kazi, lawama hiyo haisimami.

Desturi ya meza ilirithiwa kutoka injini za methanoli zenye plagi ya glo (inayowasha kwa waya wa moto), hasa zile ambazo pistoni yake ya chuma ilisagwa ilingane na silinda bila ringi yoyote. Hizo zilihitaji kweli muda mrefu wa kulainishana. Injini za petroli kama DLE-30 au DA-50 ni ndugu wa chensoo: pistoni ya aluminiamu, ringi nyembamba, silinda yenye tabaka gumu ndani, kabureta yenye kiwambo. Beringi zake hazihitaji kuzoeshwa. Kinachozoeana ni ringi na ukuta wa silinda, basi.

Ringi kwa nguvu yake yenyewe hukandamiza ukuta kidogo sana. Msukumo mkubwa hutoka kwenye mlipuko: gesi hupenya juu ya ringi, huingia nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, na kuisukuma nje. Injini isipopewa kazi nzito, msukumo huo ni hafifu. Ringi huelea juu ya oili, gesi ya moto huvuja pembeni yake, na oili iliyo ukutani huungua ikawa kama vanishi. Vanishi hiyo hujaza mikwaruzo midogo iliyoachwa kiwandani makusudi ili ringi ijisage. Mikwaruzo ikishaziba, ringi haina pa kujisagia tena. Kwa injini ya stroki mbili hasara ni maradufu, kwa kuwa gesi inayovuja hushuka kwenye chumba cha kranki, mahali penyewe panapopita mchanganyiko mpya, ikaupasha moto na kuuchafua.

Dalili huonekana bila kufungua silinda. Toa ekzosi, zungusha propela kwa mkono, tazama pistoni kupitia tundu la moshi. Chini ya ringi pakiwa na rangi ya kahawia iliyokolea, gesi inapita. Utakuta pia propela inageuka kirahisi mno kwenye mgandamizo, na mizunguko ya juu haitulii hata ukichezea sindano ya H (ya kabureta, ya mwendo wa juu) mchana kutwa. Dawa yake ni kuvua silinda, kusafisha na kuweka ringi mpya. Usikimbilie msasa: tabaka la silinda ni jembamba, likichubuka umenunua silinda.

Wa mezani nao wana hoja, na ya nguvu ni ndege yenyewe. Injini mpya ikizimika mita 50 kutoka ardhini, huna injini wala ndege. Mezani ndipo unapogundua gaskiti inayovuta hewa, au bolti za ekzosi zilizolegea baada ya kupata moto mara ya kwanza. Propela ya mbao nayo hubonyea, ikalegeza bolti zake. Hayo yote yanamalizika ndani ya tangi mbili. Tangi ya tatu hadi ya sita haziongezi usalama wowote, zinaongeza vanishi. Na injini inayounguruma chini hupata upepo kidogo: sehemu ya katikati ya propela, iliyo mbele ya silinda, karibu haisukumi hewa. Angani kuna upepo wa mwendo, na propela huwa nyepesi kuzungusha.

Oili iwe ya stroki mbili isiyo ya sinthetiki, 30:1, yaani mililita 33 kwa lita moja ya petroli. Wanaoongeza oili wakidhani wanailinda injini husahau kwamba oili huchukua nafasi ya petroli, hivyo kila uwiano unapobadilika sindano ziguswe upya. Anza na sindano zote mbili zikiwa wazi mzunguko mmoja na nusu. Injini ya sisi 30 ipe propela ya 18x8 (inchi za kipenyo na za mwinuko wa bapa), si 19x10. Tangi ya kwanza usiiache kwenye mwendo mmoja: panda, shuka, fungua kabureta yote kwa sekunde tano hadi kumi, rudisha ipoe. Rekebisha L (sindano ya mwendo wa chini) kwanza, kisha H: funga hadi mizunguko ifike kilele, halafu ifungue mpaka ipungue 200 hadi 300 kwa dakika. Inua pua ya ndege juu kabureta ikiwa wazi yote. Sauti ikikauka au mizunguko ikipungua kwa kukosa petroli, bado umebana mno.

Kaza bolti zote injini ikiwa baridi, rusha. Paa kwa nguvu, kisha tambaa kwa nusu ya kabureta, tena na tena. Kuning'inia kwa propela (ndege ikisimama wima hewani) na kupanda wima kwa muda mrefu kungoje hadi lita kadhaa ziishe, kwa sababu hapo kazi ni kubwa na upepo haupo, na pistoni iliyopata moto kuliko silinda hutanuka ikakwama.