Ukimwambia mbwa "nyamaza" umeshamlipa

Jamani mnaofuga mbwa, niacheni niseme hili halafu mnishambulie baadaye. Mbwa anayelialia mlangoni ng'iii ng'iii mchana kutwa kuna mtu humo ndani kamfundisha, na kwangu mtu huyo ni mimi.

Bosi tulimchukua ana miezi miwili hivi, mbwa wetu huyu wa kienyeji, sikio moja limesimama lingine limelala. Akilia usiku nilikuwa nafungua mlango nampa maziwa namfunika khanga, si mtoto bwana. Kafika miezi nane, mkubwa sasa, nikikaa tu sebuleni anakuja kwenye grili anapenyeza pua kwenye nondo anaanza ule mlio mwembamba unaoingia hadi kwenye meno. Namwambia "we Bosi hebu nyamaza", ananyamaza sekunde mbili anatikisa mkia, anaanza upya. Mimi najua nimemfokea, kumbe kwake yeye kaniita nikaitika, tena nimemtaja na jina! Sasa aache ili iweje?

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, alikuwa anafanyia majaribio panya na njiwa, na iligundulika kuwa mnyama anayepewa chakula mara mojamoja bila mpangilio ukija kukata kabisa anang'ang'ania muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupewa kila mara. Mtu wa kubeti ananielewa hapa, angekuwa anachaniwa mkeka kila siku angeshaacha zamani, kinachomrudisha ni ule mkeka mmoja uliotiki mwezi uliopita. Kwahiyo ukikaza siku tisa ya kumi ukalegea, umempa Bosi mkeka uliotiki.

Na nyumba yenye watu kulegea ni rahisi. Mimi nakaza, mtoto wa dada akirudi shule anampa nusu andazi, dada wa kazi naye "dada, huyu mnyama ana huzuni". Ikabidi tukae kikao kabisa. Akilia hakuna kumwangalia wala kumsemesha, unageuza mgongo. Akinyamaza hapohapo dagaa mmoja, hata kama ni sekunde tatu tu, kesho tano, kumi, nusu dakika, unavuta taratibu. Dagaa wa Mwanza wa buku walitutosha wiki nzima.

Siku ya tatu na ya nne ndo balaa. Alizidisha, akakwaruza mlango, akalia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, jirani akatuma meseji "kwema huko?" Wengi wanaachia hapa wanasema mbwa wangu hafundishiki, wakati mbwa ndo anapandisha dau aone kama utalipa, na ukilipa hapo basi bei mpya ndo hiyo.

Ila tusidanganyane, sio kila anayelia anatafuta kiki. Mtu kamfungia mbwa bandani toka alfajiri hadi usiku, jua kali, maji ya juzi, hatembezwi, halafu anauliza mbona analia, wewe ungeimba? Mtoto wa mbwa naye mkojo haujui kusubiri. Na akianza kulia ghafla wakati hakuwa hivyo, hali chakula au anachechemea, hayo ya kugeuza mgongo acha, muite daktari wa mifugo. Wazee wa fimbo sitaki hata kubishana nao, mbwa mwenye hofu analia zaidi, tena huyo ndo wa kukung'ata siku moja.

Wiki ya tatu kukawa kimya, nikajisifu sana. Akaja mama mkwe kutoka Moshi. Jioni ya kwanza tu, "maskini, huyu hamumlishi?", mfupa wa mtori ukapita kwenye grili, na mimi ni nani wa kumwambia mama mkwe ageuzie mbwa mgongo. Alikaa siku kumi akaondoka. Bosi kwangu amebaki kimya, kweli, dagaa wake anakula kwa adabu. Ila juzi nimempigia mama nikaweka lauspika, kusikia ile sauti tu, ng'iii.