Kibarua kikiota nyasi majuu, kata rufaa kabla hujampigia mjomba

Kuna imani moja huko nyumbani ambayo haifi hata uifanyeje: kwamba majuu mtu akikosa kazi serikali inamlipa huku kalala. Mama yangu anaiamini. Mjomba anaiamini zaidi, na nilipomwambia kibarua kimeota nyasi alicheka kwa furaha kabisa: "Basi pumzika kidogo, mwanangu, huko si mnalipwa hata mkikaa?"

Nipo Texas, upande wa Dallas, na ni mbeba maboksi wa miaka kadhaa sasa. Pesa anayoisema mjomba ipo kweli. Ila haimfuati mtu kitandani. Inaombwa, na wengi hunyimwa kwanza, na hapo ndipo sisi tunaotoka kwetu tunapokosea njia, maana tukishanyimwa tunasema "tumwachie Mungu" tunaenda kutafuta kibarua kingine. Mungu hajawahi kukata rufaa kwa niaba ya mtu.

Kwanza tuelewane pesa hii ni ya nani. Ni bima ya kukosa ajira. Ilizaliwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930: jimbo la Wisconsin likatunga sheria yake 1932, kisha mwaka 1935 Sheria ya Hifadhi ya Jamii ikaisambaza nchi nzima. Mwajiri ndiye anayelipa kodi ya kuujaza mfuko. Ni majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Kwa hiyo yule shemeji wangu anayesema hawezi "kuomba sadaka ya Wamarekani" hajui anachokataa. Kazi aliifanya, bima yake ikalipiwa, sasa anaona aibu kuidai.

Na kwa sababu mwajiri ndiye mlipaji, mwajiri ndiye mbishi. Kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa mafao, ndivyo kiwango chake cha kodi kinavyopanda. Makampuni makubwa hata hukodi kampuni nyingine ambazo kazi yao ni kujibu madai ya waliofukuzwa. Ukikuta umepingwa, usidhani bosi wako amekaa usiku anakuchukia. Kuna mtu kwenye ofisi ya mbali, hajawahi kukuona, anajaza fomu.

Kila jimbo lina sheria zake. Texas unaweza kulipwa hadi wiki 26, Florida zinaweza kushuka hadi 12. Kiasi kwa wiki hapa kinatafutwa hivi: wanachukua robo ya mwaka uliyopata mshahara mkubwa zaidi katika kipindi wanachokihesabu, wanagawa kwa 25, basi. Hakifikii mshahara wako hata kwa mbali, na kinatozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, jambo ambalo watu huligundua mwaka unaofuata wakiwa wameshakula kila kitu.

Kunyimwa mara nyingi kuna sura mbili: umeacha kazi mwenyewe bila sababu ya msingi inayohusu kazi, au umefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Mimi nilipigwa na hiyo ya pili. Ghalani kwetu kuna mfumo wa pointi. Ukichelewa, pointi. Ukikosa, pointi. Zikifika kikomo unarudisha kitambulisho. Mtoto aliugua, nikamwandikia msimamizi wa zamu ujumbe kwenye simu kuomba ruhusa, akanijibu kwa neno moja, sawa. Pointi ya siku ile ndiyo iliyojaza kibaba. Mwajiri akaiambia ofisi ya mafao kwamba sikutoa taarifa. Barua ikaja: hustahili kulipwa.

Hiyo barua isome mpaka chini. Ya kwangu ilikuwa na kurasa kadhaa za maandishi madogo, na jambo la maana kuliko yote lilikuwa tarehe iliyotumwa. Texas una siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa. Siku uliyoifungua haiwahusu. Ohio ni siku 21, California 30. Nimeona watu wanaweka bahasha ya serikali juu ya friji wakisubiri mtu wa kuwasomea Jumapili baada ya ibada. Siku hizo zote zinaliwa.

Rufaa yenyewe haina ada, na wakili si lazima. Unaandika sentensi chache: napinga uamuzi wa tarehe fulani, nilikuwa na ruhusa ya msimamizi, nina ujumbe wake, naomba mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani ni bure. Hata kama Kiingereza chako cha kazini kinatosha, mwombe. Kiingereza cha "sogeza paleti hii" si Kiingereza cha kula kiapo.

Shauri husikilizwa kwa simu. Afisa anawaunganisha wote kwenye mstari mmoja, mnaapa, mnarekodiwa. Vielelezo, yaani picha ya ule ujumbe, ratiba ya zamu, karatasi ya hospitali, unavituma mapema kwa afisa na nakala kwa mwajiri, la sivyo huenda visipokelewe. Kisha mnahojiana. Narudia, mnahojiana: na wewe unapewa nafasi ya kumuuliza mwajiri maswali.

Hapo ndipo malezi yetu yanapotuangusha. Sisi tumefundishwa kwamba mkubwa habishiwi. Bosi akisema umekosa, unainamisha kichwa, unamtafuta mzee mwenye busara aende akakuombee msamaha. Jirani yangu mmoja, baba wa watu kutoka Kivu, alifukuzwa kazi ya kiwanda cha nyama, na kwa maelezo yake kosa lake lilikuwa kwamba mkono ulikuwa umeanza kumuuma na kasi imepungua. Mtu anayejitahidi na kushindwa kasi kwa kawaida hahesabiwi kuwa mtovu wa nidhamu. Nikamwambia akate rufaa. Akaniangalia: "Njo vile, ndugu yangu. Patron akishakata, ni basi." Huyo ametembea kwa miguu kuvuka mipaka, ameishi kambini miaka, halafu anashindwa kuandika sentensi tatu kwa sababu anaona ni utovu wa adabu.

Kwenye shauri langu mwajiri aliwakilishwa na dada wa ofisini, sauti nzuri, mstaarabu, akasoma rekodi ya mahudhurio. Afisa akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza dada kama alikuwepo zamu ile na kama amezungumza na msimamizi niliyemwandikia. Hakuwepo, hakuzungumza naye. Msimamizi hakuitwa. Ushahidi wa aliyeshuhudia mwenyewe una uzito kuliko wa aliyesoma kwenye faili, na kwa aliyefukuzwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kosa. (Ukiacha kazi mwenyewe mzigo unageuka, unakuwa wako. Kwa hiyo usikubali kusaini barua ya kujiuzulu eti "ili rekodi yako iwe safi".) Nilishinda. Wala sikuwa hodari wa kuongea. Nilikuwa na ule ujumbe, wao hawakuwa na mtu.

Lakini kati ya barua ya kunyimwa na siku hiyo kuna kusubiri, na kusubiri huku hakuna anayekusimulia.

Kipimo cha serikali kuu ni kwamba majimbo yatoe angalau asilimia 60 ya maamuzi ya rufaa ya ngazi ya kwanza ndani ya siku 30, na asilimia 80 ndani ya siku 45. Hizo ni siku ambazo kodi ya nyumba haizijui. Na ndani yake unatakiwa uendelee kuomba malipo kila wiki mbili, ingawa skrini inakuonyesha sifuri, na uendelee kutafuta kazi na kuandika umeomba wapi na lini. Wengi wanaona upuuzi kuomba pesa iliyokataliwa. Ukishinda, wanalipa zile wiki ulizoziomba. Wiki usiyoiomba huenda ikapotea hivyo hivyo.

Mwenye nyumba hapa, mkataba usiposema vinginevyo, anakupa notisi ya siku tatu tu ya kutoka kabla ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo unakwenda ofisini kwake mapema, na barua ya rufaa mkononi. Wangu alikubali kupokea nusu. Kwa chakula, piga 211, wanakuelekeza kwenye vituo vya chakula vya bure karibu na unapokaa, vingi viko makanisani, na kanisa haliulizi swala unaswali wapi. Utarudi na maharage ya kopo, siagi ya karanga, makaroni. Unga wa sembe hakuna, usijisumbue. Kuna wanaouza utegili wa damu, yaani plasma, yale majimaji ya damu. Sheria inaruhusu hadi mara mbili ndani ya siku saba, na ukifika kwenye vituo hivyo asubuhi utasikia lugha zote za Afrika Mashariki. Sitamlaumu mtu. Ukipata kibarua cha kuendesha gari, kitangaze: Texas unaweza kupata hadi robo ya kiasi chako cha wiki bila kukatwa, lakini ukificha wanakufuata wakutoze na faini juu.

Usichotakiwa kukigusa ni ile mikopo ya siku ya mshahara. Kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, ipo na Texas, tena ina ofisi yenye kiyoyozi na peremende mezani.

Sasa nyumbani. Nikiwaza tungekuwa Dar ingekuwaje, napata majibu mawili yanayogombana.

Kwenye karatasi, mfanyakazi wa Tanzania ana kinga ambayo mimi Texas sina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu kabla ya kumwachisha mtu. Hapa, kwa kawaida, mwajiri anaweza kukuondoa leo bila kukupa sababu, almradi asivunje sheria za ubaguzi na nyingine chache. Tanzania ukionewa una siku 30 kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuna kiinua mgongo cha malipo ya siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka kumi. Na tangu mabadiliko ya 2018 kuna fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 33.3 ya mshahara hadi miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kwa hiari.

Halafu namfikiria binamu yangu, aliyekuwa kiwandani Vingunguti kupitia wakala. Mkataba hakuwahi kuushika. Alipokwenda kuuliza michango yake akaambiwa mwajiri hajaiwasilisha, ilhali kwenye mshahara alikuwa anakatwa. Siku alipoachishwa hakupewa barua, na bila barua utaanza wapi kudai? Sheria nzuri, yeye hayumo. Na wengi wetu hawamo: bodaboda, mama ntilie, dada wa kazi, fundi. Mimi mbeba maboksi, mtu wa chini kabisa kwenye lile ghala, nilikuwemo. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko dola na shilingi.

Ila binamu hakulala njaa. Mangi wa dukani aliendelea kuandika kwenye daftari, shangazi akaleta mchele, kikoba cha mkewe kikawakopesha. Hakuna aliyemtaka ajaze fomu. Mimi nilikuwa na haki zangu zote na fleti yenye joto, na kwa siku nyingi sikugongewa mlango na mtu yeyote. Tena simu zilizoingia zilikuwa za kuuliza ada ya shule ya mtoto wa kaka imefikia wapi. Nilisema ukweli, kwamba sina, na walikasirika kidogo, wakapoa. Nashauri na wengine waseme. Kujifanya unazo ndiko kunakowapeleka watu kwa kausha damu.

Malipo ya nyuma yalipokuja, ushauri wa mjomba ulikuwa nimalizie renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ya kile kijumba ninachojenga Goba, Dar. Mwajiri bado alikuwa na siku 14 za kukata rufaa ngazi ya juu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1971, kwenye kesi iliyotoka California, kwamba ukishaamuliwa unastahili, jimbo haliwezi kukusimamishia malipo kwa sababu tu mwajiri amekata rufaa. Lakini akishinda huko juu, unaweza kudaiwa urudishe. Nililipa kodi ya nyumba, nikanunua matairi, nyingine nikaziacha benki mpaka siku hizo zilipopita. Goba imesubiri miaka, itasubiri.

Kinachonikera zaidi kwa sasa ni sisi wenyewe tulio huku. Akifariki mtu, jumuiya yetu inachanga ndani ya siku mbili tatu, tena pesa nyingi, mwili unasafirishwa hadi Kilimanjaro. Mtu huyohuyo angekosa kazi mwezi mmoja kabla, asingepata hata wa kumsomea barua. Nimependekeza kwenye kikao tutenge kiasi fulani cha kuwakopesha wanachama wanaosubiri rufaa, kirudishwe malipo yakitoka, na watu wawili wenye Kiingereza kizuri wakae zamu ya kusoma barua za wenzao. Mweka hazina anasema katiba inataja msiba, ndoa na uzazi tu, na kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili. Ninahesabu kura.