"Abstain" haikuandikwa kwa ajili ya wasichana peke yao

Katika shule nyingi za Uganda utakuta vibao vya bati vimepigiliwa kwenye miembe, maandishi meusi juu ya rangi nyeupe. Kimoja hakikosi neno "Abstain", yaani "jinyime". Hakina maelezo, na mtoto wa darasa la tano anajua kinachokatazwa. Waingereza wenyewe hukitumia kitenzi hiki kwa pombe, kwa nyama, hata kwa kura. Kwetu kimebaki na maana moja: ngono.

Lakini kitenzi hiki kina sharti. "Refrain" ni kujizuia kwa wakati huo tu, kama kutovuta sigara ndani ya basi. "Abstain" ni kujinyima kwa hiari, tena kwa muda. Hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake, na asiye na chakula hatusemi amefunga.

Sasa tuwatazame tunaowaambia. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulionyesha kuwa msichana 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshazaa au ana mimba. Kisha shule zikafungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Binti anayenunuliwa pedi na mwanaume wa makamo, hiari yake iko wapi? Akiwa chini ya miaka 18, sheria yetu inauita uhusiano huo unajisi.

Hatukuanza hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kaulimbiu ya kupambana na UKIMWI ilikuwa Zero Grazing, maneno ya wafugaji: ng'ombe ale zizini kwake. Iliwasema watu wazima, hasa wanaume wenye michepuko, na kila mtu aliielewa. Baadaye ikaja ABC: Abstain, Be faithful (kuwa mwaminifu) na Condom. Sheria ya Marekani ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI nje ya nchi, ikataka theluthi ya fedha za kinga zihimize kusubiri hadi ndoa. Herufi A ikatwikwa wanafunzi. B, yaani uaminifu wa wakubwa, sauti yake ikafifia.

Naamini katika kusubiri, na wanangu nawaambia wasubiri. Ninachokataa ni kumdai mtoto nidhamu ambayo baba mtu mzima hadaiwi. Mimba ikitokea, jina la kwanza kuulizwa liwe la mwanaume. Na sisi wazazi tukifika polisi tusikubali mbuzi wala bahasha ya kumaliza kesi nyumbani.