Mimi Nataka Kukimbia Tu

Ubishi uliozuka Hawaii karibu miaka hamsini iliyopita ndio unaoniamsha saa kumi alfajiri hapa Kimara, Dar es Salaam, na siku hizi najiuliza kwa nini niendelee kuulipia ilhali sikuwapo ulipoanza. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, alikuwa na wenzake wakibishana ni nani mwenye pumzi zaidi kati ya mwogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Badala ya kuagiza kahawa na kuahirisha mjadala hadi kesho, waliamua kuunganisha mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu yawe shindano moja: kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima, na atakayetangulia kumaliza aitwe Mtu wa Chuma. Mwezi Februari mwaka 1978 walianza watu 15 na wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46, na husimuliwa kwamba aliyeshika nafasi ya pili aliishiwa maji njiani, wasaidizi wake wakampa bia. Kijiweni kwetu tunabishana kuhusu Simba na Yanga, klabu ambazo zimekuwa zikigombana tangu miaka ya 1930, na sijawahi kusikia mtu yeyote amelazimishwa kuingia majini ili kuthibitisha hoja yake.

Hiyo triathloni ya Mtu wa Chuma, yaani michezo hiyo mitatu mfululizo, hata siigusi. Mimi najiandaa kwa ile fupi, ya umbali wa Olimpiki, iliyoingizwa kwenye michezo hiyo kule Sydney mwaka 2000, ambayo ina kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Tazameni mpangilio wake, ndugu zangu. Kukimbia, ambako ndiko kitu pekee ninachokipenda kati ya hivyo vitatu, kumewekwa mwisho kabisa, na mtu hawezi kufika huko kabla ya kunywa maji ya chumvi asiyoyahitaji na kukalia kitandiko chembamba kwa zaidi ya saa moja. Ninaogelea ili niruhusiwe kupanda baiskeli, ninapanda baiskeli ili niruhusiwe kukimbia, na nikifika huko kwenye kukimbia ninakuta miguu imeshakwisha. Anayetaka kujua hali hiyo na ashuke kwenye baiskeli baada ya kilomita 40 kisha ajaribu kukimbia papo hapo: magoti yanagoma kupokea amri, mapaja yanaendelea kuzunguka pedali ambazo hazipo, na watazamaji wanadhani umeumwa na mdudu.

Tuanze na maji. Bwawa ninaloweza kulimudu limo katika hoteli moja ambayo aliyeichora alitaka kuwafurahisha wageni, akalipa bwawa umbo la korosho. Halina upande hata mmoja ulionyooka. Katika bwawa la kawaida la mita 25, kilomita 1.5 ni kwenda na kurudi mpaka zitimie safari 60, na kuhesabu safari 60 huku uso ukiwa ndani ya maji ni kazi inayostahili kuajiriwa karani wa peke yake. Katika korosho hiyo hata karani angeacha kazi, kwa sababu hakuna ajuaye ni wapi mtu ahesabu kuwa amefika. Siku za Jumapili watoto huvaa maboya yao ya mikononi na kujipanga katikati, baba zao hukaa kando wakila chipsi mayai, na kila ninapoinua kichwa kuvuta hewa kuna mpira unaokuja.

Kwa hiyo kocha wetu, kijana aliyezaliwa baada ya mdogo wangu wa mwisho, akaamua twende baharini, Coco Beach, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Tatizo ni kwamba bahari haimo kwenye kundi letu la WhatsApp. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba iliyoandikwa kwa juma zima huwa sahihi siku mbili na uongo siku zilizobaki. Mara nyingi tunafika na kukuta maji yameondoka, yametuachia miamba ya kukanyaga kwa miguu mitupu, na huko mbele yanakoanzia yanafika magotini. Yakijaa, konyeza wanaowasha nao wamejaa. Siku moja tukiwa tunatoka, huku nikijikuna shingo, tulimkuta mzee mmoja mvuvi ameketi kando ya ngalawa yake akishona nyavu, nami nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Naona mnakwenda mpaka kwenye lile boya halafu mnarudi. Mnarudi na nini?"

"Haturudi na kitu, mzee."

"Hata dagaa?"

"Hata dagaa."

Alitutazama mmoja mmoja kwa huruma, jinsi mtu anavyowatazama wafiwa. "Poleni sana, wanangu. Msikate tamaa. Hata sisi kuna siku bahari inakataa."

Baiskeli nayo ina kesi yake. Nilipoileta nyumbani, mama watoto aliizunguka, akauliza bei, na nilipoitaja baada ya kuipunguza kidogo kwa ajili ya amani, alikaa chini. "Kwa fedha hizo, baba, tungenunua pikipiki tukampa kijana, akatuletea hesabu kila jioni. Hii itakuletea nini?" Mpaka leo imeniletea pancha. Matairi yake ni membamba kiasi kwamba hata kokoto ndogo iliyomwagwa na lori la kifusi inatosha kumaliza mazoezi ya asubuhi, na fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, mtu ambaye heshima yake siitilii shaka, aliipindua juu chini, akazungusha gurudumu, akasikiliza, kisha akanipa taarifa. "Mzunguko wake ni mzuri, mzee. Lakini hii haijakamilika. Haina keria, haina kengele, haina madigadi, haina hata stendi ya kusimamia. Waliokuuzia wamekupa nusu."

Nusu niliyopewa, hata hivyo, ina pedali zinazonasa viatu. Nadharia ni kwamba kiatu kikinasa, mguu husukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, na nguvu haipotei. Kuhusu namna ya kukinasua, maelekezo yanasema mtu ageuze kisigino nje kabla hajasimama, jambo ambalo ni rahisi kwa mtu anayejua kwamba atasimama. Taa za makutano ya Morocco, hapa hapa jijini, hazimpi mtu taarifa hiyo. Ziliwaka nyekundu, baiskeli ikasimama, mguu ukagoma kutoka, nami nikaenda chini taratibu kwa upande wa kulia, nimeshika usukani kwa mikono miwili, mbele ya daladala iliyojaa mpaka mlangoni. Abiria walinyamaza. Konda akatoa kichwa dirishani na kuniuliza kwa upole wa kweli: "Mzee, umelala?"

Na sijataja mizigo. Mkimbiaji hutoka nyumbani na viatu miguuni na ufunguo mfukoni. Mimi, nikitaka kufanya mazoezi ya michezo yote mitatu kwa siku moja, hubeba miwani ya kuogelea, kofia ya mpira, taulo, helmeti, viatu vya baiskeli, viatu vya kukimbilia, pampu, tyubu ya akiba, chupa mbili za maji na mafuta ya kupaka sehemu ambazo gazeti la heshima halizitaji. Kubadilisha vitu hivyo kati ya mchezo mmoja na mwingine huhesabiwa ndani ya muda wa mashindano, na wataalamu wenyewe huita mabadiliko hayo mchezo wa nne. Kwa hiyo mtu aliyejiandikisha kwa michezo mitatu ambayo miwili haipendi hupewa wa nne wa kuvaa soksi kwenye miguu yenye mchanga huku saa ikihesabu.

Hamu haikutoka kwa kishindo. Imekuwa ikipungua kidogo kidogo, na dalili zake ni za aibu: usiku wa kuamkia siku ya kuogelea nasikiliza kama mvua itanyesha, na nikisikia tone la kwanza juu ya bati namshukuru Mungu kwa niaba ya wakulima. Saa yangu ya mkononi, ambayo ilinunuliwa ili inihimize, sasa imegeuka kuwa mdai. Inatetemeka wakati wa chakula na kunijulisha kwamba nimepumzika kupita kiasi. Kocha huniandikia faragha, "Mzee wangu, leo sijakuona majini," nami humjibu kwamba kuna kikao. Idadi ya vikao vya alfajiri katika ofisi yetu ingemshangaza mkurugenzi.

Lakini siku ya kukimbia ninaamka kabla ya hiyo saa ya mkononi. Hapo ndipo ninapogundua kwamba uvivu ninaotuhumiwa nao haumo mwilini mwangu, bali umo kwenye baiskeli na ndani ya bwawa. Natoka getini kukiwa bado na giza, nateremka njia ya vumbi, nampita mama wa vitumbua akipuliza moto wa kwanza, na ninapofika barabara ya Morogoro pumzi imeshapata mwendo wake bila kuulizwa. Jumamosi najiunga na klabu ya mtaa, wale wa fulana za rangi moja, ambao hukimbia wakiimba kwa sauti inayowaamsha walipakodi wote kuanzia Kimara hadi Ubungo. Ule ni mchakamchaka wa shuleni uliokua ukaota kitambi. Kiongozi hupuliza filimbi, wa mbele huanzisha, wa nyuma huitikia, na mwishoni kuna supu na chapati, na hakuna mtu anayeuliza nimetumia dakika ngapi kuvaa soksi.

Mwenzangu mmoja wa kundi la triathloni ananionya kwamba kukimbia peke yake kutayamaliza magoti, na kwamba kuogelea hakuyatwishi uzito wa mwili. Ni hoja ya kweli na siipingi. Ninachosema ni kwamba Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, sidhani kama kuna mtu aliyemuuliza kuhusu kuogelea kwake. Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni baada ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na taifa zima likashangilia bila kudai aonyeshe baiskeli. Nchi imeshachagua mchezo wake, kwa nini mimi nijifanye mtu wa Oahu? Nimemwambia kocha kwamba ninaelekeza macho Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathoni, ambako utaratibu ni kuanza kukimbia, kuendelea kukimbia, na kuacha. Amenijibu kwa alama ya mtu anayelia.

Baiskeli nimeitangaza. Mnunuzi aliyejitokeza ni muuza maziwa wa Goba, mtu makini, ambaye aliijaribu mara moja tu, akasifu wepesi wake, kisha akatoa sharti moja: iwekwe keria ya kubebea madumu. Fundi wetu alishasogeza mashine ya kuchomelea, nikamkimbilia kumweleza kwamba fremu ni ya kaboni na haichomelewi, itaungua. Aliigonga kwa ukucha, akanitazama, akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba nimeuziwa plastiki. Muuza maziwa, akisikia neno hilo, ameshusha bei kwa nusu na anataka jibu Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi nina kilomita 18 na supu. Atanisubiri.